Mama Aliyetaka Kuruka Tena

Jumamosi nilimsindikiza jirani yangu, mama muuza unga wa mahindi, hadi klabu ya ndege ndogo hapa Likasi. Ujanani alirusha ndege pale. Sasa watoto wamekua, akataka kurudi. Wanaume watatu walikaa barazani na bia zao. Hakuna aliyemsogezea kiti.

"Mama, cuisine iko nyuma," mmoja alisema, akionyesha kwa kidevu.

"Miye siyakuya kupika. Nilikuya kuruka."

Wakacheka. "Ku miaka yako?"

Mama akaiendea ndege iliyoegeshwa hapo, akapitisha kidole kwenye bawa, akawaonyesha vumbi. "Na weye papa, uliruka lini?"

Yule mwanamume akainamisha kichwa. "Essence ya kuirusha haiko, mama. Tunakuyaka kuiangalia tu."

Wiki iliyofuata mama alileta mafuta ya ndege, aliyoyapata kwa wafanyabiashara wenzake wanaovuka mpaka kwenda Zambia. Mzee mmoja wa klabu, rubani wa zamani, akaketi kando yake, wakapaa. Waliposhuka mama alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka. "Niliona maji ya bwawa la Mwadingusha!"

Nilikuwa nikidhani wanaotufungia mlango wana kiburi. Kumbe wengine wanaona haya tu, kwa sababu ndani hamna kitu.