Santimeta Hamsini Nje ya Ukuta

Masomo yangu yaliishia mwaka wa sita wa primeri. Naandika hivyo mapema ili mtu asiseme kesho kwamba nilificha. Naandika na hili: kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, mpaka Kasomeno kuna mapaa niliyopandisha mimi, na sijaitwa kurudi kuziba hata moja.

Kwa hiyo binti yangu wa mwaka wa tano wa sekonderi alipoleta mezani mazoezi ya matematiki, sikuona sababu ya kutafuta mwalimu wa nyumbani. Mwaka wake wote ulitegemea mtihani mmoja. Asipofikisha nusu ya pointi zote, anarudia darasa. Mama yake akasema, "Tutafute muntu mwenye alisoma." Nikamuuliza huyo aliyesoma amejenga nini.

Tukakaa. Binti alinieleza kwamba x ni kitu usichokijua bado, nikacheka. Nimeishi na x tangu ujana: mteja anakuonyesha mbao alizonunua, ukubwa wa nyumba utautafuta mwenyewe. Na statistiki niligombana. Walitaka wastani wa mvua ya miezi sita. Nikasema mvua ya wastani haijavujisha nyumba ya mtu. Inavujisha ile moja kubwa ya Januari.

"Papa, banaomba paka moyenne, ile wastani tu," akasema, akaandika yake.

Trigonometria, hapo nilikuwa kwangu. Nyumba ina upana wa metre nane, paa limeinama digrii thelathini. Tafuta urefu wa shevron, ule mti unaoshuka kutoka kileleni mpaka ukutani. Yeye akashika kalkulatris. Mimi nikafumba macho: kwa mwinamo huo, kila metre ya kwenda mbele inakula metre moja na santimeta kumi na tano na nusu za mti. Nusu ya nane ni nne; mara nne: 4,62. Kalkulatris ikasema vilevile.

"Sasa ongeza hamsini," nikamwambia.

"Hamsini ya nini?"

"Ya kutoka inje ya ukuta. Paa gani inaishia ku ukuta?"

"Kitabu haisemi vile, Papa."

"Kitabu hainyeshewi."

Akaongeza. Na kwenye mtihani, walipoleta nyumba ya metre kumi, akaongeza tena. Sifuri. Kwa swali hilo moja hakufikisha nusu.

Asubuhi yake nilivaa suti nikaenda shuleni. Prof wake alinipokea ndani ya darasa, vidole vyeupe kwa chaki.

"Prof, mutoto hakukosa. Ni miye nilimuambia aongeze."

"Naelewa, Papa. Lakini ile nyumba haina mvua."

"Nyumba gani ya Lubumbashi haina mvua?"

"Ya mu kitabu."

"Basi muhamie mule."

Akacheka, na hapo nilimpenda kidogo, ila sikumwonyesha. Nikamwambia aniulize mwinamo wowote anaotaka. Akataja digrii ishirini, akataja kumi na tano, akataja arobaini na tano. Nilijibu kabla hajamaliza kubonyeza, na kila mara kalkulatris yake ilinikubali. Prof mwenyewe alichelewa kidogo kukubali.

"Muzuri sana, Papa," akasema. "Sasa nani anafanya mtihani, weye ao yeye?"

Akamwita binti, akampa chaki na nyumba nyingine: metre sita, digrii zilezile thelathini. Akipata, lile swali la mtihani litahesabiwa.

Binti aligeuka akaniangalia. Nilijua anachouliza. Neno "ongeza" lilikuwa tayari mdomoni, kwa hiyo niliinua macho nisimwone. Juu, shevron zote za darasa lile zilikuwa zimekatwa sawasawa na ukuta. Chini yake maji yalikuwa yameshuka miaka na miaka, ukuta umekuwa kahawia mpaka kwenye mabenchi. Nikanyamaza. Wanaonijua hawataamini.

Akaandika 3,46, akapiga mstari. Halafu chini, kwa herufi ndogo: "3,96 kama inanyesha."

Prof alisoma, akaangalia ukuta wake, akampa pointi zote. Hivyo ndivyo binti yangu alivyopanda mwaka wa sita.

Mlangoni prof akaniuliza polepole kama ningeweza kuja kurefusha lile paa. Nikamwambia kwanza aseme sikukosa.

"Ku paa haukukosa, Papa."

"Na ku karatasi?"

"Ku karatasi ulikosa."

Jumamosi nilipanda juu, nikatoa santimeta hamsini nje ya ukuta, pande zote. Bado nasema kitabu ndicho kilichokosa.