Mama Mukwe na Mfuko wa Gesi

Mume wangu anauza viatu vya mitumba sokoni, lakini akili yake haijawahi kukaa kwenye viatu. Siku moja aliingia kwenye parsele, kiwanja chetu, na fundi mmoja pamoja na mfuko mweusi wa plastiki, mrefu kupita kitanda chetu. Akatangaza kwamba tutapika kwa mavi ya ng'ombe. Alivyotanua kifua, ungedhani amepewa ubunge.

Hapa kwetu Goma ardhi ni mawe matupu ya volkano, huchimbi shimo hivi hivi. Basi mfuko ukalazwa juu ya mawe, nyuma ya jikoni. Unaulisha mavi na maji, unavimba, na gesi inapita kwenye mpira mpaka kwenye jiko. Ndivyo alivyosema fundi. Kwenye avenue yetu hakuna aliyewahi kuona kitu hicho kikifanya kazi, na mimi sikuamini hata kidogo. Nilikubali kwa sababu ya bei ya makala tu, yale makaa ya kupikia. Maharagi yanakula makala kuliko sisi tunavyokula maharagi.

Aliyekataa ni mama mukwe. Aliishi nasi tangu aliposhuka kutoka Masisi. Najua wenzangu wanavyowasema mama wakwe zao, lakini mimi wangu nampenda, wacha waseme. Anacheka mpaka anashika mbavu, na mume wangu akianza porojo zake, yeye husimama upande wangu.

Mfuko ulipoanza kuvimba, aliacha kuingia jikoni. Akawa anachemsha viazi vyake kwenye mbabula, jiko la makala, karibu na geti, na watoto akawakataza kupita nyuma ya nyumba. Mume wangu akafikiri anaona kinyaa. Akamkalisha mama yake na kumfundisha kwamba mavi ya ng'ombe si uchafu. Mama mzima aliyekulia katikati ya ng'ombe! Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba alikuwa akisiriba nyumba kwa mavi hayo kabla yeye hajaota meno. Kisha akapiga simu kwa binti yake wa Kibati, aje amchukue Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Mimi sikutaka aende. Kesho yake, tukichambua maharagi, nilimuuliza shida ni nini, na mimi hakunificha. Alikuwa anaogopa mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mabondeni bila kuonekana. Alipokuwa bibi harusi mpya, mtamba wake wa kwanza aliteremka kwenye bonde upande wa ziwa Lac Vert, walikoishi wakati ule, asubuhi kula majani, akalala, basi. Hakuinuka tena.

"Sasa mutoto wangu anafuga mazuku nyuma ya nyumba," alisema. "Miye siwezi kukaa hapa, mukamwana."

Mume wangu nilipomweleza alicheka. Hakucheka siku fundi alipokuja kuwasha. Majirani walijaa uani. Fundi akafungua gesi, akasogeza kiberiti, kikazimika. Akajaribu tena, kikazimika tena, kama kimepulizwa na mtu. Mama mukwe, kutoka kule getini, alisema neno moja tu, kwamba mazuku ndiyo inayozima moto. Nilimtazama mume wangu, nikatamani kumsokomeza ndani ya mfuko wake.

Ndipo fundi akakumbuka kutuambia kwamba gesi ya kwanza huwa haiwaki, lazima imwagwe na mfuko uachwe uvimbe upya. Si angesema mapema? Tuliwapeleka watoto kwa jirani, tukaimwaga yote kwenye upepo. Mfuko ukanywea, ukaanza kuvimba tena polepole. Kila asubuhi niliuangalia, na kila asubuhi mama mukwe alikunja kitenge kimoja zaidi kwenye mzigo wake.

Jumapili ikafika. Binti yake alikuja baada ya misa na mwenye pikipiki, mzigo ukafungwa nyuma. Lakini mama hakupanda. Alisema hawezi kuwaacha wajukuu wake na kitu ambacho yeye mwenyewe hajakipima. Fundi, aliyekuwa amekuja kujaribu tena, alimfukuza, na mume wangu akamwambia mama yake asogee mbali. Mama hakuwajali, akafunga karatasi kwenye ncha ya mti mrefu, akaiwasha, kama kwao wanavyopima bonde kabla ya kuingiza ng'ombe. Mimi akaniambia nifungue gesi. Nikafungua, naye akausogeza mti kwenye jiko.

Moto ulishika. Ulizunguka jiko lote, wa bluu, mtulivu. Mama akaondoa mti, akaukanyaga mpaka ukazimika, na jiko likaendelea kuwaka. Akasogea hatua moja, halafu nyingine. Mara nikamwona anashika mbavu. Alicheka, jamani, mpaka mume wangu naye akacheka bila kujua anachekewa yeye.

Akaomba maharagi. Yalikuwa yamelowekwa tangu jana, nikamletea sufuria, akaiteleka mwenyewe na kuvuta kigoda. Binti yake akaita kutoka getini kwamba mwenye pikipiki amechoka kungoja.

"Mwambie aende," alisema mama. "Maharagi bado kuiva."

Machozi yalinitoka mbele ya watu wote, na safari hii sikuwa na moshi wa kusingizia.