Kofia ya Mzee Asajile ilivyokusanya kodi ya Mjerumani kule Ikolo

Wakuu, shikamooni mliotangulia, na wadogo zangu poleni na majukumu.

Tangu asubuhi nasoma ule uzi wa mkeka mpya wa uteuzi wa Hazina. Mmebishana kuhusu CV za watu mpaka simu yangu imepata joto la kuchemshia chai.

Mimi elimu yangu ni ya ngumbaru, ile ya jioni, tena mwalimu wetu alikuwa anasinzia kabla yetu. Kwa hiyo kwenye mambo ya shahada sitii mguu.

Ila kuhusu uteuzi wa kushika hela za serikali, ukoo wangu una kisa. Nilikipata kwa bibi mzaa baba, na yeye alikuwepo. Chumvi nitatia kidogo kwa sababu ndivyo nilivyo, lakini nyama yote ni ya kweli.

Twende taratibu.

Ni zama za Mjerumani. Boma liko juu milimani Tukuyu, na sisi tuko huku chini Ikolo, kwenye migomba na mpunga, karibu na ziwa. Kila nyumba inalipiwa kodi kwa rupia. Usipolipa unachukuliwa kwenda kuchimba barabara, na huulizwi kama una mtoto mgongoni.

Sasa yule aliyekuwa anashika sanduku la kodi upande wetu akaondolewa. Sababu haikutangazwa. Hata enzi hizo watu walikuwa wanaamka tu wanakuta fulani katenguliwa.

Bwana Mkubwa wa Boma akashuka mwenyewe kuteua mwingine. Akawakusanya wanaume, akauliza kupitia mkalimani, "Nani hapa mnamheshimu kuliko wote?"

Vidole vyote vikaenda kwa Mzee Asajile, baba wa babu yangu.

Huyo mzee alikuwa na masharubu ya kuanikia dagaa. Ng'ombe wake wakienda ziwani kunywa, maji yalikuwa yanarudi nyuma hatua kadhaa. Na alikuwa na watoto wa kiume wengi, wote wameoa.

Hapo kwenye wameoa, wakuu, wekeni alama.

Akavalishwa kofia nyekundu, akapewa kiti na sanduku la chuma. Kijiji kizima kikala nyama. Bibi anasema mzee alitembea na ile kofia mpaka shambani, na usiku huenda alilala nayo, ila hilo hakuna wa kulithibitisha.

Kwa wasio wa kwetu niwaeleze jambo moja, maana bila hili hamtaelewa kitu.

Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke wa mwanao hakuoni na wewe humwoni. Akisikia unakuja anatoka njiani, anaingia majani, anajifunika kichwa mpaka upite. Hakutazami, haongei na wewe, na jina lako halitamki. Akivunja mwiko huo ni aibu ya ukoo mzima, na waliamini mtoto wake angeugua.

Tena si kwa mkwe wake peke yake. Ndugu wa mkwe na marika wa mkwe nao ni hivyohivyo. Wazee walikuwa wanakohoa njia nzima ili wanawake wapate muda wa kujificha.

Bibi alikuwa mke wa mwana wa Mzee Asajile, yaani mkamwana wake. Yeye na wenzake walifurahia ile kofia nyekundu. Walisema, afadhali, sasa tutamwona kutoka mbali.

Hakuna aliyejiuliza siku ya kodi itakuwaje. Wazee hawakuwaza, Bwana Mkubwa ndiyo kabisa. Wamemchagua mtu anayeheshimika kuliko wote, yaani mtu anayekimbiwa na wanawake kuliko wote.

Wangempa sanduku mhuni yeyote asiye na mtoto, kodi ingeisha kabla ya chai.

Basi siku ikafika.

Amri ilikuwa kwamba kila mwenye nyumba afike mwenyewe, atumbukize rupia mbele ya mtunza sanduku, asitume mtu. Kama mume hayupo, mke aje. Na babu alikuwa hayupo, alikuwa amechukuliwa pamoja na vijana wengi wa kijiji kubeba mizigo ya safari ya wazungu. Alimwachia bibi rupia, bibi akaifunga kwenye pindo la kaniki.

Bibi akaenda, mtoto mgongoni. Huyo mtoto ndiye baba yangu mkubwa.

Alipofika mwisho wa migomba akaona wekundu. Akajikunja nyuma ya mgomba, na hapo akamkuta Subilaga, mke wa shemeji yake, naye kajikunja.

"Nkamu, ndugu yangu, vuta mguu ndani, unaonekana," Subilaga akamnong'oneza.

"Uko hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu umande. Angalia nyuma yako."

Bibi akageuka. Kila mgomba una mwanamke. Wake za wana wa Asajile, wake za wana wa ndugu zake, wake za wana wa marika wake. Kwa hesabu zangu za ngumbaru, wanawake walizidi ndizi.

Wanaume wamelipa wamemaliza. Mzee amekaa na sanduku lake, hakuna anayekuja. Pembeni yake kuna askari wa Boma, mtu wa pwani, mgeni wa mambo yetu.

"Mzee," askari akauliza, "wale kule migombani ni akina nani?"

"Sijui. Siwaoni."

"Huwaoni vipi? Mimi mbona nawaona?"

"Wewe mgeni, unaruhusiwa."

"Wana nini, hawataki kulipa?"

"Wana adabu."

Askari akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Mapema Subilaga alikuwa amejaribu kumpa mwanamume mmoja rupia yake aitumbukize, askari akamrudisha yule mwanamume. Amri ni amri. Akatangaza kwa sauti kwamba jua likizama, atakayekuwa hajalipa anafungwa kamba, kesho barabarani.

Bibi aliniambia, hapo ndipo alipoanza kulia bila sauti. Rupia anayo, ameishika mpaka imeloa jasho. Akitoka mbele ya mkwe wake, mtoto anaweza kuugua. Asipotoka, anakwenda kuchimba barabara na huyo huyo mtoto mgongoni.

Wenzake nao ni hivyohivyo. Subilaga akasema, "Mimi nafunika kichwa natoka."

"Utaona miguu yake."

"Basi nafumba macho."

"Ukiangukia sanduku?"

Subilaga akajikunja tena.

Wakati huo mtoto akaamka, akalia. Kilio cha njaa, kile ambacho hakifichiki hata ukiwa na shamba zima la migomba.

Mzee Asajile akasikia. Ni mjukuu wake. Hakugeuza shingo, maana kugeuka ni kumwona mama yake. Akakaa hivyohivyo anatazama ziwa.

Halafu akasimama. Akavua kofia nyekundu, akaikung'uta vumbi, akaiweka juu ya kiti.

"Unakwenda wapi?" askari akauliza.

"Ziwani, kuoga."

"Ukiacha sanduku la serikali ni kiboko, mzee. Unajua?"

"Sijaliacha. Mliyemteua si huyo hapo?" Akaionyesha kofia. "Mimi mwenyewe mmenijulia wapi?"

Akaondoka. Alikohoa njia nzima ili kila mtu ajue amefika wapi.

Askari akatazama kofia, akatazama migomba, akatazama jua. Bibi anasema alikuwa na uso wa mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Mwisho akaita, "Haya njooni, mtunza hazina yupo."

Migomba ikatembea, wakuu. Wanawake wakaja kwa mstari, kila mmoja anatumbukiza rupia mbele ya kofia. Wengine waliipigia magoti kabisa, kwa heshima zao. Bibi alipotumbukiza yake aliiambia ile kofia, "Ndaga fijo," yaani asante sana.

Jua lilizama hakuna aliyefungwa kamba.

Bwana Mkubwa alipopata habari alikuta sanduku limejaa, halina upungufu. Akauliza ni nani aliyepokea. Askari akajibu ukweli, kwamba ni kofia.

Mzee akatenguliwa. Akaletwa kijana wa mbali, hana mke wala mtoto, hakuna wa kumkimbia. Mzee alipoulizwa kama ameumia kunyang'anywa cheo, alisema ile kofia ilikuwa inambana.

Kuhusu kiboko, nilimuuliza bibi mara nyingi. Alikuwa anasema hajui, halafu anapepeta mchele kwa nguvu zaidi.

Tangu siku hiyo, kila bibi alipopika ndizi za maziwa, alijaza chungu kizuri cha wafinyanzi wa Ikombe, akampa mtoto apeleke kwa mkwe wake. Chungu kilirudi kitupu, kimeoshwa. Wala hawakuwahi kusemezana hata neno, mpaka mzee akafariki.

Nilimuuliza, bibi, huyo mkwe wako alifananaje? Jina lake mpaka uzeeni hakulitamka, alikuwa anasema tu "yule wa kofia."

Akanijibu, "Uso wake siujui. Namjua mgongo, siku ile anakwenda ziwani. Ule mgongo hata leo nikiuona sokoni Kyela, naacha mchele wangu nainama."

Nilichojifunza ni kidogo, wakuu. Mkeka ukitoka, sisi tunauliza mtu kasoma wapi na anamjua nani. Mimi siku hizi nauliza kama anaweza kukiacha kiti, siku heshima yake mwenyewe itakapowazuia watu kukifikia.

Wenye visa vya wazee wao na sanduku la Mjerumani washushe hapa. Wa Ikombe na Matema najua mnavyo. Wabishi pia mnakaribishwa, msisukumane.

Na kama kuna mkamwana wa mtu humu anaona aibu kuchangia mbele yangu, aje tu. Kofia nimeiweka kitini, mimi nakwenda kuoga.