M Ina Kofi Lake

Leo nacheka, lakini siku ile pale Blacktown, huku ughaibuni, ningeona shimo ningejitumbukiza mwenyewe, na nisingetoka hata kwa kuitiwa chai.

Nilikuwa kwenye siku ya majaribio katika kituo cha watoto alikokuwa binti yangu Kemunto, na ile kazi niliitaka kwa roho yote, maana nilikuwa nimechoka kugeuza wazee vitandani kwenye nyumba ya kuwatunzia (kule Kisii nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, jamani, ila huku cheti changu hakuna anayekitambua). Bosi, mama mpole tu, akaniambia niwafundishe watoto kugawa maneno kwa makofi, silabi moja kofi moja, akainua picha ya mswaki. Toothbrush. Mimi badala ya kupiga makofi kama watu, nikaamua niwaonyeshe ualimu wa nyumbani. Nikawasimamisha, wakasugua viganja, "Pasha! Pasha!", wakanogewa, kisha nikapaza sauti: "Tu-thi-bra-shi!" Makofi manne.

Halafu binti yangu, niliyemzaa kwa uchungu, akainua mkono. "Mum, it's two."

Hapo ningecheka yaishe. Lakini mwalimu wa kwetu hasahihishwi mbele ya darasa, akisahihishwa anarudia kwa sauti kubwa zaidi, basi nikarudia, nikaongeza na kupiga miguu, watoto nao miguu, rafu ya vikombe ikaporomoka, wazazi waliokuja kuchukua watoto wao wakajaa mlangoni, na Kemunto akaangua kilio, "Two, Mum! Two!"

"It is two, darling," bosi akasema taratibu.

Nikapandwa na hasira. Nikawaambia haya, hilo ni lenu, sasa pigeni langu: mswaki. Wote wakapiga mawili, bosi naye mawili.

"Three!" nikasema. "M ina kofi lake!"

Wakabaki wakiguna mmm, mikono hewani.

Kazi sikupata (ukiambiwa "we'll be in touch" ujue ndio kwaheri). Njia nzima Kemunto hakunisemesha, na hilo liliniuma kuliko kazi yenyewe. Jioni nikapita mlangoni pa bafu, nikamkuta peke yake, mswaki kwapani, mtoto huyu anayenijibu Kiingereza kila siku: "M," kofi. "Swa," kofi. "Ki," kofi.

Naapa sitabishana tena na mtoto wa miaka minne juu ya Kiingereza chake. Lakini ile M siinyang'anyi kofi lake, hata mnipe kituo kizima.