Tonge la Bi Kijakazi

Bi Kijakazi wa mtaa wa Nyasubi hakuwa mtu wa kulishwa. Miaka yote aliyouza vitumbua pale Kahama, mkono wake wa kulia uligeuza vitumbua, ukarudisha chenji na kumwonya mteja mkorofi, na mdomo nao haukupumzika. Kisha kiharusi kikamwangusha. Miguu ilirudi baada ya muda, lakini mkono ule ukagoma. Kula kwa kushoto hakutaka hata kusikia, kwa hiyo mkwewe Amira akawa anamlisha.

Mwanawe, Abdulshakur, mnunuzi wa dhahabu kule Geita, aliona mama anateseka kukaa mkekani. Akamletea kiti chenye mito na meza ndefu ya kwenda juu, meza ambayo majirani walikuja kuitazama. Mama akapandishwa pale kama mgeni rasmi, wengine wakabaki chini kwenye sinia, wakila na kucheka. Amira alipomaliza kumlisha, wenzake walikuwa wamekwisha kunawa, naye akala mabaki jikoni peke yake. Bi Kijakazi aliyaona yote haya na yalimuuma sana. Alitaka kitu kimoja tu: arudi kwenye sinia, ale na watu wake kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya kliniki, Amira akiwa kando yake, Donatus, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimbandika vipande vidogo vyenye nyaya vya kusoma misuli kwenye mikono yote miwili, kuanzia begani mpaka karibu na vidole.

"Mayu," alimwita kwa Kisukuma, kama anavyomwita mama yake, "nyanyua mkono uchukue kikombe."

Bega lilipopanda tu, kiwiko kikajikunja chenyewe na vidole vikafumba ngumi. Donatus akamgeuzia kioo cha kompyuta. Kila msuli ulikuwa nukta, na misuli iliyopokea amri kwa pamoja iliunganishwa kwa mistari. Mkono wa kushoto ulikuwa na vikundi vyake, bega kivyake, vidole kivyake, na mistari michache katikati. Wa kulia ulikuwa fundo moja.

"Misuli haijafa, Mayu. Zamani ubongo ulituma amri kwa kila kundi kivyake. Sasa njia nyingi zimekatika, ukiliita bega, vidole navyo vinaitika."

"Yaani nina mkono wenye kiherehere!"

Donatus alicheka, akauegemeza mkono ule juu ya mto ili bega lipumzike. Alipojaribu tena, mistari ilipungua na vidole vikafunguka, si sana, lakini vikafunguka.

"Bega likibeba mzigo ndipo vurugu inapoanza. Nyumbani anakula wapi?" akamuuliza Amira.

"Mezani," Amira akajibu kwa fahari. "Meza ndefu, inamfika kifuani."

Donatus akaupandisha mkono wake mwenyewe mpaka usawa wa kifua, akaligonga bega lake lililoinuka. Amira akaelewa, uso ukamshuka.

Meza ikabaki ya kuwekea vyombo tu, na mama akarudi mkekani. Mkono ulilala pajani juu ya khanga iliyokunjwa, sinia likasogezwa karibu, naye akawa anainama kuufuata ugali. Msidhani palikuwa na muujiza. Wiki za mwanzo ugali uliishia kwenye gauni, na mlenda, kwa utelezi wake, ulimdhalilisha kabisa. Donatus alikuwa amekataza asisaidiwe mpaka aombe, na hilo ndilo lililomtesa Amira kuliko kulisha. Mkwe gani anakaa kumtazama mama mkwe akihangaika? Alikalia mikono yake mwenyewe, machozi yakimlengalenga.

Mchana mmoja vidole vilimega, vikafinyanga tonge bovu lisilo na umbo, likachovywa, likapanda polepole. Mikono mingine yote kwenye sinia ikasimama. Tonge likaingia mdomoni, mlenda ukimchuruzika kidevuni.

Amira akanyoosha mkono amfute.

"Acha!" Bi Kijakazi akatafuna, akameza, akamtazama. "Unalia nini sasa? Miezi yote hii umekula makombo jikoni kwa ajili yangu. Sogea hapa. Leo usiponiwahi, utalala njaa."

Amira akajifuta uso kwa mtandio, akanawa, akajibana kando ya mama mkwe wake, na wote wawili wakapeleka mikono kwenye ugali ungali moto.