Ukanda wa Tyubu

Baba yangu alinukia mkate. Si mkate wa siku hizi wa mifuko ya plastiki. Ni ule uliotoka tanurini alfajiri, ukapangwa ndani ya sanduku la mbao na kufungwa kwenye keria ya baiskeli yake nyeusi. Alisambaza mikate katika maduka ya Eldoret miaka michache baada ya uhuru, na aliijua kila barabara ya mji kwa mashimo yake. Jioni, sanduku likishateremshwa, keria ilikuwa yangu. Nilikaa nimeegemeza shavu mgongoni mwake, koti lake la kaki likinikwaruza, nikaamini kwamba mji mzima unatutazama. Nilikuwa na miaka minane na maringo ya mtu wa thelathini.

Jambo moja tu lilinikera. Kabla ya kuondoka, Baba alinifunga miguu kwenye vyuma vya baiskeli kwa ukanda aliokata kutoka tyubu kuukuu, ule ule aliofungia sanduku. Watoto walizoea kusinzia kwenye keria na miguu ikaingia kwenye spoku za gurudumu, kwa hivyo mzazi mwangalifu alimfunga mwanawe. Mimi nilijiona kama gunia la makaa. Wasichana wa darasa langu nao waliniona hivyo hivyo, wakanicheka bila huruma.

Wakati huo watu wetu waliotoka Mkoa wa Kati walikuwa wakiungana kununua mashamba ya wazungu waliokuwa wakiondoka. Baba na wenzake walipata moja upande wa Ainabkoi. Ilibaki kugawana, na waligawana kwa kura: vikaratasi vyenye nambari za viwanja vinatiwa kofiani, jina lako linaitwa, unatoa kimoja. Asiyekuwepo angepewa kitakachobaki. Wengi walipenda mtoto ndiye atoe, wakisema mkono wake hauna hila, na Baba akanichagua mimi. Mama alinivalisha gauni la kanisani, akanipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa. "Ukifika huko usichague sana," akaniambia. "Shika ya kwanza, utoe."

Tuliondoka asubuhi na mapema. Tulipokaribia maduka niliwaona wasichana wale wale kando ya barabara, wametumwa maziwa. Sikutaka wanione nimefungwa, siku ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikienda kuitafutia familia shamba. Nikainama, nikalegeza fundo, nikauacha ukanda uanguke. Kisha nikawapungia mkono. Maumivu yalivyoanza siyakumbuki. Nakumbuka baiskeli ikisimama ghafla, na Baba amepiga magoti barabarani, akilirudisha gurudumu nyuma polepole ili autoe mguu wangu.

Hospitalini, tukingojea nishonwe, alinishika kichwa. "Ile mpira ilikatika?" akaniuliza.

"Ndiyo, Baba. Ilikatika."

"Basi ni makosa yangu. Nilijua imezeeka."

Hakuondoka hapo mpaka Mama alipofika. Baba alipofika shambani, watu walikuwa tayari wanapima viwanja vyao kwa hatua. Jina lake lilikuwa limeitwa mara mbili. Kilichobaki kilikuwa kipande cha bondeni, chenye maji mwaka mzima, ambapo ng'ombe wa mzungu walikuwa wakikwama kwenye tope.

Tulihamia huko mguu wangu ulipopona. Mahindi ya majirani yalipita urefu wa mtu, yetu yakatoka ya manjano na kuoza mizizi. Kila mwaka Baba alichimba mitaro ya kutoa maji, amesimama kwenye maji baridi ya Ainabkoi hadi magotini, mpaka miguu yenyewe ikamkatalia. Baiskeli ilishika kutu ukutani kwa sababu hakuweza tena kuipanda. Hakuna siku hata moja aliyonitazama vibaya. Afadhali angenitazama.

Sasa ninaishi Munyaka, mtaa wa Eldoret, na mji ambao Baba aliuzunguka kwa kanyagio umekuwa wa pikipiki. Zinapita langoni kwangu asubuhi zimebeba watoto wa shule watatu watatu, miguu inaning'inia, hakuna anayewafunga. Ainabkoi tuliyokuwa tukiifikia tumechoka hoi, leo mtu anakwenda na kurudi kabla ya chai ya saa nne. Mimi bado nachechemea, na watu hunihurumia. Huruma yao inaniumiza kuliko kifundo chenyewe cha mguu, kwa maana mtu pekee aliyestahili kuambiwa ukweli nilikaa naye miaka mingi, nikampikia, nikamwogesha, na sikumwambia. Miezi yake ya mwisho aliimalizia katika nyumba hii. Siku moja alinyoosha mkono kutoka kitandani, akagusa kovu langu, akaniomba msamaha kwa kunifunga na mpira uliochakaa. Nilifungua mdomo. Nikamwambia nilishamsamehe zamani, na yeye akanishukuru.