Nywele za Msiba

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, uani kwangu, jua likiwa utosini, na sikuwa na homa wala usingizi. Asiyeamini aje Mnyambe aulize kwa Mama Salima, nitamvulia kilemba ajionee. Watu wamezoea kwamba mambo haya hutokea usiku, njia panda, mbwa wakibweka. Yangu hayakuwa na usiku wala mbwa. Yalikuja yakapiga hodi kwa adabu, yakaomba maji.

Nianze na nywele, maana bila nywele hakuna cha kusimulia.

Mama yangu mzazi alifariki miaka ile ya ruksa, pale kila mtu alipoambiwa sasa auze alichonacho kwa amtakaye. Wanunuzi binafsi walianza kupanda huku kwetu na magari yao, na ambaye mikorosho yake haikuzaa alitafuta kingine cha kuuza. Mume wangu, Baba Salima, aliuza vinyago. Ni mchongaji, baba yake alikuwa mchongaji, na babu yake vilevile. Msiba wa mama ulipofika mwisho tulinyolewa, mimi na mdogo wangu aliyeolewa Lupaso, kama desturi yetu ilivyo. Nywele za msiba kwetu hazitupwi jalalani. Mjomba huzichukua akazifukia mahali anapopajua yeye, na hapo ndipo marehemu anahesabiwa kuwa ameachiliwa aende zake. Siku hiyo mjomba wetu alikuwa hajiwezi kwa mguu. Baba Salima akasimama mbele ya watu akasema, "Nipeni mimi, nitamsaidia mjomba." Wakamsifu. Mkwe gani huyo, wakasema, mkwe mwenye moyo. Na mimi, niaminini, nikajiona nimebahatika kuolewa.

Tena nywele zangu zilikuwa na alama. Tangu utoto nilikuwa na shungi dogo la mvi juu ya paji la uso, upande wa kushoto, kama vile mtu alinishika kwa mkono wenye unga. Nikiwa mdogo mama alikuwa akilivuta akinitania: "Bibi kizee wangu, umeamkaje?" Mtu mmoja tu duniani alikuwa na shungi lile.

Sasa njoo kwenye vinyago. Kulikuwa na mnunuzi mmoja wa Masasi, mwenye gari dogo la mizigo, aliyekuwa akivipeleka Dar es Salaam. Huyo alikuwa na neno moja tu mdomoni: cha zamani. Ukimwonyesha kinyago kipya kizuri anapindua mdomo. Cha zamani, fundi, lete cha zamani. Na hasa alitaka lipiko. Kama wewe si wa huku, lipiko ni kinyago cha kuvaa kichwani kwenye ngoma ya jando, na sisi wanawake tulifundishwa kuwa ni mfu aliyefufuka. Hatulitazami likiwa limelala, hatuligusi, na likija likicheza tunakimbia na watoto mgongoni. Mnadhani hatukujua kuwa ndani mna waume zetu? Tulijua. Miguu ya mume wako utaisahau vipi? Lakini tulikimbia, kwa sababu ile mbio ndiyo ilikuwa heshima.

Kisha siku moja naenda Masasi kununua chumvi, nalikuta lipiko limelala chali juu ya turubai, kando ya mafungu ya mitumba, na mtoto wa kike wa mwenye duka amelikalia anakula embe. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Miaka yote ile ya kukimbia, nikasema, kumbe tulikuwa tunakimbia bidhaa.

Tangu hapo nyuma ya nyumba yetu moshi haukukatika. Baba Salima alichonga mapiko mapya, akayafukiza, akayafukia kwenye kichuguu mchwa wayatafune kidogo, akayachimbua yakiwa wazee. Sikuuliza. Hayo yalikuwa mambo ya wanaume, na chumvi ya ndani ilitoka humo humo.

Siku yenyewe mnunuzi alikuwa anatarajiwa. Baba Salima alitandika mkeka uani akavipanga vinyago vyote vya nyumba, hata vya urithi, na kando ya mlango akaweka gunia lililofungwa kwa kamba. Kisha akaenda barabarani kumpokea. Mikorosho ilikuwa imetoa maua, harufu imejaa kila mahali. Ndipo nikasikia hodi.

Alikuwa mwanamke mzee, mfupi, amejitanda kaniki kichwani mpaka kwenye nyusi. Mdomo wa juu ulikuwa na ndona, kile kipini cha mpingo ambacho bibi zetu walikuwa wakikivaa. Nikashangaa kidogo, maana wengi walishavivua kwa kuchekwa. Mama yangu mwenyewe aliivua yake kabla sijapata akili, akabaki na tundu. Uso wa mgeni huyu ulikuwa laini mno kwa umri wake, kana kwamba umepigwa msasa.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Naomba maji."

Maji huku kwetu tunayafuata bondeni, ndoo moja ni safari, lakini mgeni hanyimwi. Nikamchotea kata nzima. Akaipokea, akaketi kwenye ukingo wa mkeka akanipa mgongo kidogo, akawa anavitazama vinyago.

Mtaniuliza: hukumjua mama yako? Nami nawauliza ninyi: mtu uliyemwosha kwa mikono yako, ukamsindikiza kwa kilio, unamtarajia aje akuombe maji?

Alinyanyua kwanza kinyago kidogo cha mwanamke, cha babu yake Baba Salima. Mti mwepesi, umefubaa, hauna mng'ao. Hicho mnunuzi alikuwa amekikataa mara zote. Nikamwambia, "Hicho hakina soko, mama."

"Unatazama uso," akasema. "Uso ni wa kuuzia. Geuza utazame mgongo."

Nikageuza. Wallahi, nilikuwa nimekifuta vumbi miaka yote ile na sijawahi kuuona ule mgongo. Chale zimepangwa mpaka kiunoni, uti wa mgongo umeshuka taratibu, na chini pana mbonyeo ulioliwa na vidole vya watu. "Hiki kilikuwa kinabebwa safarini," akasema. "Aliyekichonga alijua kitashikwa pande zote, usiku, na mtu mwenye hofu. Ndiyo maana hakina upande wa nyuma."

Akaja kwenye mnara wa mpingo wa baba mkwe, ule wa enzi za ujamaa, watu wamebebana kuanzia chini hadi juu. Akaupitisha mkono polepole. "Huyu aliamini," akasema. "Tazama wa chini kabisa, hajanuna." Kweli, hajanuna. Akashika shetani la jicho moja, tumbo tundu tupu, kazi ya ujana wa Baba Salima, akatabasamu: "Na huyu alikuwa na njaa, lakini aliweza kuicheka." Nilihisi uchungu hapo, maana siku alizolichonga shetani lile ndizo siku alizonichumbia, na kweli alikuwa mcheshi.

Mwisho akafika kwenye vile vipya. Wamasai watupu, wameshika mikuki, wamepakwa dawa ya viatu wafanane na mpingo.

"Hawa nani?"

"Wamasai, mama."

"Wamewahi kufika Mnyambe?"

"Hapana."

"Aliyewachonga amewahi kuwaona?"

"Hapana, mama. Aliletewa picha."

Akawageuza. Mgongoni hapana kitu, tezo imepita mara mbili ikaachia hapo, kwa kuwa watasimama ukutani. Aliwarudisha mkekani kwa upole, na ule upole ulinichoma kuliko tusi.

"Na lile lililolala?" akauliza, akaelekeza kidevu kwenye gunia.

"Lile la wanaume, mama. Halitazamwi."

"Litatazamwa na mnunuzi, na mke wa mnunuzi, na wajukuu zake. Wewe peke yako ndiye usiyetazama?"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ni yule mtoto wa embe aliyenirudia akilini. Nikafungua kamba. Lipiko lilikuwa jeusi kwa moshi, macho membamba, mdomo una ndona. Mtu yeyote angesema ni la kabla ya Wajerumani. "Geuza," akasema. Nikaligeuza nikachungulia ndani, pale mchezaji anapoingiza kichwa. Lipiko la kweli ndani mna mafuta ya vichwa vya watu na jasho la ngoma nyingi. Hili ndani lilikuwa jeupe kama muhogo uliomenywa. Halijachezwa hata siku moja.

Nikalirudisha uso juu, na ndipo nilipoziona nywele. Nywele za mtu, zimegandishwa kwa nta, fungu kwa fungu. Na juu ya paji, upande wa kushoto, shungi dogo la mvi.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kichwani, kwenye vinywele vilivyoanza kuota baada ya msiba.

"Nywele za wanangu hazijafika ardhini," akasema yule mzee, sauti imeshuka, "ndiyo maana miguu yangu haijapumzika. Zifukie leo, mwanangu, kabla hazijapanda gari."

Hata hapo, sema ni ujinga, sikutaka kuelewa. Aliyenielewesha ni Baba Salima. Nilimwona akitokea kwenye kona ya ua, anakuja mbio mbio na furaha yake, gari likiunguruma nje. Alipouona mgongo wa yule mzee alisimama ghafla. Akainamisha kichwa, akavuta shati akajifunika uso, akakwepa, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia ndani. Ninyi wa huku mnajua hivyo ni nini. Mwanamume hafanyi vile kwa mgeni wala kwa mzee yeyote. Anafanya vile kwa mtu mmoja tu, mama wa mkewe. Akili yake ilikuwa haijajua, lakini miguu yake ilishamjua mkwe.

Ndipo nikapiga kelele: "Baba Salima! Ni mama!"

Akatoka mlango wa mbele kinyumenyume. Nawaapia, kinyumenyume, shati kichwani, asije akamtazama mkwe wake usoni. Akanyoosha mkono nyuma akapapasa mpaka akalipata lipiko mikononi mwangu, akalivuta.

"Najua," akasema. "Mwambie anisamehe. Gari linasubiri."

Tulivutana. Mimi sikuwa na nguvu zake. Alimstahi mkwe kwa miguu, akamwibia kwa mikono. Akaondoka nalo hivyo hivyo, kinyumenyume mpaka langoni, na nikasikia mlango wa gari ukifungwa.

Mama hakulia. Alinyanyuka akaniwekea kiganja kichwani, kama alivyokuwa akifanya akitafuta lile shungi. Kilikuwa baridi kama mpingo wa alfajiri. "Bibi kizee wangu," akasema. Nilipoinua uso mkeka ulikuwa na vinyago tu, na kata ya maji imejaa vilevile kama nilivyompa.

Vinywele vile vilinyonyoka, na tangu siku ile nywele hazijaniota tena. Hata moja. Mdogo wangu kule Lupaso naye ni hivyo hivyo, alinyonyoka wiki ile ile bila kuambiwa neno. Tumetumia dawa za miti, tumesomewa dua, tumekwenda na kwa masista wa Lukuledi wakatupa dawa ya kupaka. Kichwa ni laini kama kigae. Na Baba Salima je? Nywele zake zimejaa mpaka leo, anazichana kila asubuhi mbele ya kioo. Mwizi yeye, mlipaji mimi. Sijamwacha, maana nitakwenda wapi? Lakini sijawahi tena kumwekea chakula nikamtazama akila.

Nilikwenda Masasi kulitafuta lipiko. Mnunuzi akaniambia kwa fahari kwamba lilishavuka bahari, na kwamba wageni walisifu nywele kuliko kitu kingine. "Walisema kazi ya zamani sana, mama. Siku hizi haipatikani." Sasa nikipita mbele ya maduka yao sihitaji kuambiwa. Nakigeuza kinyago, natazama mgongo, najua: hiki kilibebwa, hiki kiliaminiwa, hiki kiliicheka njaa, hiki ni cha kudanganya. Huo ndio urithi pekee alioniachia mama, na ninautumia kuumia.

Huyo mzee bado anaonekana. Mara Newala, mara huku kwetu, daima kwenye nyumba za wachongaji, daima mchana, anaomba maji na hayanywi. Wanaomwona wanakuja kuniambia, nami nawauliza kama alikuwa amechoka. Wote wanasema ndiyo.

Basi wewe unayenisikiliza, ukikuta lipiko lenye nywele za mtu, usilisifu kwanza. Tazama ndani. Pakiwa peupe, uliza ni za nani. Na kama ni wewe unalo, limetundikwa ukutani kwako huko uliko, lina shungi la mvi upande wa kushoto, sikudai lipiko. Baki nalo. Bandua nywele tu, uzifukie hapo hapo, ardhi ni moja. Mama yangu amechoka kutembea.